Mtoto kanywa septrini, amoksilini na azithromaisini, maabara wameandika R. Je, mwili wake umezoea dawa?

Baba Wawili

Habari za jioni wadau. Niko Morogoro, upande wa Kihonda. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka minne na wa kike miaka miwili na nusu. Huyu wa kike ndiye aliyenifanya niandike.

Mwezi wa sita ulipoingia na ule upepo wa kutoka milimani, alianza mafua, na siku ya tatu kikohozi. Nikapita duka la dawa jirani na kijiwe cha bajaji, nikamweleza dada muuzaji, akanipa septrini ya maji. Siku tano, hola. Nikarudi, akanipa amoksilini ya unga, ile unayoweka maji mpaka kwenye alama na kutikisa. Maelekezo: kijiko kimoja mara tatu. Hapa niseme ukweli wangu. Kaka yake naye alikuwa anakohoa, kwa hiyo chupa ile ile wakanywa wote wawili. Ilipoisha siku ya nne, binti alikuwa anakimbizana na kuku uani, nikajua yameisha.

Wiki mbili baadaye homa ikarudi kwa kishindo. Shemeji akasema hiyo siyo ya amoksilini tena, inataka dawa kali. Nikanunua azithromaisini ya maji, ya siku tatu. Siku ya tatu usiku namwangalia mtoto akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu inazama ndani, pua zinatanuka. Maji anatapika. Saa nane usiku tuko juu ya bodaboda, mama yake kamfunga kwa khanga kifuani.

Hospitali walitupokea haraka, sina lawama. Wakamwekea oksijeni, wakachukua damu ya kwenda kuoteshwa kabla hawajamchoma chochote, kisha wakaanza ampisilini na jentamaisini za sindano. Siku ya tatu anaomba chai. Jioni hiyo daktari akaja na karatasi ya maabara, nikaipiga picha. Imeandikwa Streptococcus pneumoniae, halafu chini:

Oksasilini R
Kotrimoksazoli R
Erithromaisini R
Tetrasaiklini R
Kloramfenikoli S
Vankomaisini S

Akanieleza R ni sugu, S ni dawa inafanya kazi. Nikamuuliza, hiyo oksasilini si jamii ya penisilini, na ampisilini nayo si jamii hiyo hiyo? Mbona mtoto anapata nafuu? Akatabasamu, akasema "swali zuri", mara akaitwa wodi nyingine. Tuliruhusiwa Jumamosi na Jumamosi hayupo zamu.

Sasa mama yangu, bibi yake watoto, ananiambia kila asubuhi kwamba nimemzoesha mtoto dawa, mwili wake haushtuki tena. Ni kweli? Pili, hiyo R na kupona vinakaaje nyumba moja? Tatu, kaka yake bado anakohoa. Nimpe nini, maana naogopa hata kupita mbele ya lile duka.

Mama Kitumbua

Pole sana kwa kuuguliwa. Bibi yuko sahihi, mwili unazoea. Wangu niliwapumzisha dawa mwaka mzima, ikawa asali na kitunguu saumu tu, leo wanakula hadi vumbi na hawaumwi. Jaribu.

Dukani Kila Siku

Dada, asali kwa mtoto aliyevuka mwaka inatuliza kikohozi, sikatai. Ila mbavu zikishaanza kuzama, asali weka kabatini, nenda hospitali.

Baba Wawili, mimi ni muuzaji wa duka la dawa muhimu, mwaka wa tisa sasa, na hesabu ya ile chupa imenikaba. Chukua kalamu. Nimonia ya mtoto, amoksilini ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, asubuhi na jioni. Binti yako tuseme ana kilo 12. Hiyo ni 480, tunaizungusha iwe 500 kila mara, 1000 kwa siku. Chupa ya unga ya kawaida ina miligramu 125 kwenye kila mililita 5. Kijiko kimoja mara tatu kinakupa 375. Mtoto alipata theluthi na ushei, tena kwa siku tatu na kitu, kwa sababu chupa ilikuwa na wanywaji wawili. Ili apate 1000 ilibidi anywe mililita 40 kila siku, na chupa ya mililita 100 ingeisha siku ya tatu mchana akiwa anakunywa peke yake.

Ndiyo sababu kuna vile vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250. Kwa kilo zake ni viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano, unakoroga kwenye kijiko cha maji safi. Septrini nayo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unasema amoksilini kwa nimonia ya kawaida ya watoto. Lakini wateja wanaijua kwa jina, na sisi tunaiuza.

Sasa nikutetee kidogo muuzaji wako. Saa kumi na mbili jioni mtu anaingia na elfu mbili, ana watoto watatu wanaokohoa, anasema "nipe ile ya rangi mbili, sita tu". Ukimwambia mafua hayatibiwi na antibayotiki anakuona unamringia, anavuka barabara kwa mwenzako. Nimewahi kukataa, nikamwona kabisa akipewa ng'ambo. Nimewahi kukubali pia. Siku niliyokubali nilifunga duka mapema.

Mwanafunzi wa Famasia

Nimesoma hapo pa chupa moja watu wawili nikamkumbuka Fleming, aliyegundua penisilini 1928. Akiwa Stockholm, 11 Desemba 1945, kwenye hotuba yake ya Nobeli, alisimulia kisa cha kubuni: bwana mmoja koo linamuuma, ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo, haitoshi kuua vimelea ila inatosha kuwafundisha. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Hiyo ni 1945, hata maduka yenyewe ya kuiuza yalikuwa hayajaenea!

Darubini

Nimestaafu maabara baada ya miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini ambako Julai maji ya kunawa yanauma vidole. Karatasi kama hiyo nimeziandika kwa mkono mpaka kidole kikaota sugu, kwa hiyo niruhusuni niwachoshe.

Naanza na bibi, kwa heshima zote. Mwili wa mjukuu hauna habari na amoksilini, haujaizoea wala haijamchosha. Aliyebadilika ni yule mdudu, na mdudu huyo ni mpangaji wa pua. Ukipitisha pamba puani mwa watoto wadogo wa mtaa wowote, utamkuta kwa wengi wao, wanacheza, wanakula, hawana shida. Ndiye Streptococcus pneumoniae wa kwenye karatasi yako, tumwite pneumokokasi. Anakaa humo majuma, anahamia kwa mwingine kwa kikohozi au kwa kamasi iliyopakwa kwenye mkono wa dada. Balaa inakuja pale virusi vya mafua vinapochubua njia ya hewa, naye akateremka mapafuni, au akapanda sikioni, au akaingia kwenye damu kama kwa huyu binti.

Sasa mtoto ana mafua ya virusi, unampa antibayotiki. Virusi haviguswi. Lakini dawa inafika puani vilevile, kwa wapangaji. Kinachotokea huko niliwahi kukiona kwa macho, na kilisababishwa na kondoo.

Pneumokokasi hali chakula cha kawaida, anataka damu. Sahani zetu za kuoteshea vimelea tulizitengeneza kwa ageri, yaani jeli ya mwani, na damu ya kondoo, na kondoo tulimfuga nyuma ya maabara, dume jeupe, mkorofi. Anataka pia hewa ukaa. Mashine yake hatukuwa nayo, kwa hiyo tulipanga sahani ndani ya jagi kubwa la kioo, juu tunawasha kipande cha mshumaa, tunafunga kifuniko. Mshumaa ukizimika wenyewe, hewa imeshakuwa anayoitaka. Kesho yake unatoa sahani: madoa madogo yenye ukijani pembeni, na yakikaa zaidi kidogo katikati yanabonyea kama kete ya drafti. Ukiziona kete hizo umemjua mwenyewe kabla ya kipimo chochote.

Basi, wiki moja sahani zikawa kame. Makohozi ya wagonjwa wa kichomi kabisa, hakuna kete. Tukalaumu mshumaa, tukalaumu umeme wa usiku. Nikaamua kupanda vimelea vyetu vya akiba, vitano, ambavyo tabia zake nazijua kama za wanangu. Vinne havikuota. Cha tano kikaota kimejaa sahani nzima, kimenona, kuliko siku zote. Nikafungua daftari: hicho ndicho kilichokuwa sugu kwa tetrasaiklini. Nikatoka nje nikamuuliza mlinzi, kondoo kafanywa nini? Akasema alikuwa anachechemea, bwana mifugo akapita akamchoma sindano ya kidonda cha kwato. Oksitetrasaiklini. Ikapita kwenye damu yake, ikaingia kwenye sahani zangu, kiasi kidogo mno, na hicho kidogo kikatosha kuwaondoa wanyonge na kumwachia nyumba yule mmoja.

Baba Wawili, pua ya mtoto aliyenyweshwa theluthi ya dozi ni ile sahani. Ila usijitundike msalabani, maana usugu huu huenda haukuzaliwa kwako. Aliyenona puani mwa mtoto wa jirani huhamia kwako akiwa mzima na usugu wake. Wewe unaweza usiguse antibayotiki mwaka mzima, kama Mama Kitumbua, na bado mwanao akaletewa sugu kutoka shule ya awali.

Turudi kwenye R ya oksasilini, ambayo daktari aliisifu akakimbia. Tunaweka kwenye sahani kidonge kidogo cha karatasi chenye oksasilini, kesho yake tunapima kwa rula duara ambalo mdudu hakuota. Likifika milimita 20, penisilini itafanya kazi, lala salama. Likiwa pungufu, huyu si wa kuaminika, inabidi kupima penisilini yenyewe kwa kiwango kabla ya kusema neno la mwisho. Maabara nyingi huishia hapo, zinaandika R kwa tahadhari. Kwa hiyo R hiyo iwe kwako kama taa ya njano.

Kwa nini basi sindano ikamweza mdudu? Penisilini huua kwa kuwashika mafundi wanaomjengea mdudu ukuta wake. Pneumokokasi akaja na ujanja. Huokota vipande vya vinasaba vilivyomwagika kutoka kwa jamaa zake wa kooni waliokufa, anavishonea kwenye vyake kama kiraka, na mafundi wake wanabadilika umbo. Penisilini inawashika kwa shida. Kwa shida, sikusema haiwashiki: ukiongeza wingi wa dawa inawashika. Ampisilini ya mshipani, dozi kamili, kila baada ya saa sita, ilifika mapafuni kwa wingi huo. Vijiko vya theluthi havikufika. Lakini mdudu huyu huyu angeingia kwenye uti wa mgongo tungelia, kwa sababu dawa inapenya kidogo kule. Vipimo vyenyewe vina mstari tofauti: kwa mapafu penisilini inahesabika inafaa hadi kiwango cha mikrogramu 2 kwa mililita, kwa homa ya uti wa mgongo mwisho ni 0.06. Mdudu mmoja, majibu mawili, kutegemea alipojificha.

Kutokana na hilo, wale wanaonunua amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti wakidhani ni "kali zaidi" kwa kila kifua: klavulaneti kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachokata penisilini, na pneumokokasi hana kimeng'enya hicho. Inamsaidia mwenye Haemophilus, bakteria mwingine wa kifua. Kwa huyu wetu unalipia kuharisha.

Erithromaisini na azithromaisini zinagonga mlango mmoja, hivyo R ya moja ni R ya nyingine. Ile "dawa kali" ya shemeji haikuwa na pa kushika. Tena azithromaisini haitoki mwilini upesi, inabaki kidogo kidogo siku nyingi baada ya dozi kuisha, na mnakumbuka kidogo kilifanya nini kwenye sahani zangu. Ya septrini, ambayo kwenye karatasi yako ni kotrimoksazoli, ina historia yake. Kati ya 2001 na 2006 nchi nzima tulitibu malaria kwa SP (sulfadoksini na pirimethamini), na SP inapiga njia ile ile inayopigwa na septrini. Mtu alimeza kwa ajili ya malaria, mpangaji wa pua akafanya mtihani bure.

Na mwanafunzi, kisa cha Fleming kizuri, ila kina kichekesho. Streptokokasi wa koo, yule wa mafindofindo, hadi leo penisilini inamuua bila shida. Aliyetimiza utabiri ni huyu binamu yake wa mapafu. Afrika Kusini walimkuta Durban 1977 akiwa anakaidi penisilini, na muda mfupi baadaye Johannesburg akikaidi dawa kadhaa kwa mpigo.

Kadi ya kliniki ya binti, tazama kama alimaliza chanjo ya nimonia, wiki ya 6, 10 na 14. Iko nchini tangu 2013. Haizuii aina zote za pneumokokasi, maana ziko zaidi ya 90 na chanjo ile ina 13, lakini waliochaguliwa humo ni pamoja na wale waliokuwa vinara wa usugu.

Kaka mtu. Mvue shati akiwa ametulia au amelala, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mbili. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nimonia mpaka daktari aseme vinginevyo, mpeleke siku hiyo hiyo. Mbavu kuzama, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea: usiku huo huo. Chini ya hapo, anacheza, anakula, ni kikohozi cha mafua, kinaweza kuburuza hata wiki tatu bila antibayotiki na kikaisha. Ila kikivuka wiki mbili nenda naye akaangaliwe kifua kikuu, na useme nyumbani kama kuna mtu mzima anayekohoa. Kipimo hakina malipo.

Dukani Kila Siku

Mzee, hiyo ya kondoo naibandika dukani.

Baba Wawili

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Jana usiku nimemhesabu kijana, simu mkononi. Mara ya kwanza 31, akageuka nikapoteza hesabu, mara ya pili 28. Leo kala ugali wa mtu mzima. Kikohozi kina siku ya tisa. Kadi ya binti: wiki ya 6 na ya 10 zimejazwa, ya 14 hakuna kitu, tulikuwa tumesafiri kwenda Kilosa msibani. Kesho nampeleka kliniki niulize.

Kwenye friji nina azithromaisini imebaki kama robo chupa. Mke anasema tuiweke akiba. Niifanyeje?

Darubini

Marahaba. 28 ni raha. Chupa irudishe kwenye famasi uwaombe waiteketeze, chooni usimwage. Ukiiweka akiba utaitumia, nakujua, nami ningeitumia. Na ya wiki ya 14 wakikuambia amechelewa, waulize nesi wa chanjo mwenyewe, usikubali jibu la mlangoni.

Baba Wawili

Sawa mzee. Mama nimemsomea yote. Amenyamaza kidogo, kisha akasema huyo kondoo alionewa.